Kazakhstan: Nani alisikia kilio cha Zhanaozen?

Watu wanapoingia barabarani kudai haki zao, huulizwa maswali mawili. La kwanza ni hili: wametendewa nini? La pili: machafuko yao yatamfaidisha nani? Maswali yote mawili ni halali. Hatari huja pale la pili linapotangulizwa, kwa sababu anayeanza nalo mara nyingi halifikii la kwanza kamwe.

Tunalisema hili tukiutazama uasi wa wananchi uliotokea Kazakhstan mwezi Januari 2022, na hasa namna ulivyowagawa watu ambao ulimwengu mzima unawajua kuwa watetezi wa wafanyakazi, yaani wanasiasa na wanafikra wa mrengo wa kushoto. Wasomaji wetu waliokulia katika zama za Ujamaa wanaifahamu lugha yao: mali ya nchi ni ya wananchi, na jasho la mfanyakazi lisiliwe na bwanyenye. Watu wa lugha hiyo walitarajiwa kuwa wa kwanza kuelewana juu ya Kazakhstan. Haikuwa hivyo.

Kazakhstan ni nchi ya Asia ya Kati ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu. Ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti hadi ilipojitangazia uhuru tarehe 16 Desemba 1991. Ina mafuta, gesi na madini ya urani kwa wingi. Aliyeiongoza kwa karibu miaka 30 ni Nursultan Nazarbayev, ambaye kabla ya uhuru alikuwa katibu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha jamhuri hiyo. Alijiuzulu urais mwezi Machi 2019 na kumwachia Kassym-Jomart Tokayev, lakini akabakia na uenyekiti wa Baraza la Usalama, na mji mkuu ukapewa jina lake.

Magharibi ya nchi hiyo, katika mkoa wa Mangystau, kuna mji wa visima vya mafuta uitwao Zhanaozen. Mwaka 2011 wafanyakazi wa mafuta wa mji huo waligoma kwa miezi saba wakidai ujira bora. Tarehe 16 Desemba mwaka huo, siku yenyewe ya sherehe za uhuru, polisi waliwafyatulia risasi na kuua watu wasiopungua 14. Waliohukumiwa vifungo baadaye walikuwa pamoja na wagomaji wenyewe. Kidonda hicho hakikupona.

Tarehe 1 Januari 2022 serikali iliondoa bei kikomo ya gesi ya kimiminika. Gesi hii ni ile ambayo sisi tunaijua kwa mitungi ya jikoni, lakini katika mkoa ule ndiyo inayoendesha magari ya watu wengi. Lita moja iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban tenge 60 ikapanda hadi 120. Gari linalobeba unga na mboga linatumia gesi hiyo hiyo, kwa hiyo kila mama wa nyumbani alijua kitakachofuata sokoni. Kesho yake wananchi wa Zhanaozen wakatoka. Waliishi juu ya ardhi inayotoa utajiri huo, na bado hawakumudu kuununua.

Ndani ya siku tatu maandamano yalifika mji wa Aktau, yakaenea nchi nzima hadi Almaty, mji mkubwa kuliko yote. Madai nayo yakapanuka: serikali ijiuzulu, viongozi wa mikoa wachaguliwe na wananchi badala ya kuteuliwa, na mzee Nazarbayev aondoke moja kwa moja. Wafanyakazi wa visima vya Tengiz nao wakakusanyika kuwaunga mkono wenzao. Tarehe 5 Januari serikali ilijiuzulu, Nazarbayev akaondolewa katika Baraza la Usalama, na sanamu yake ikaangushwa katika mji wa Taldykorgan.

Siku hiyo hiyo Almaty iliwaka moto. Jengo la utawala wa jiji lilichomwa, uwanja wa ndege ukavamiwa na maduka ya silaha yakaporwa. Rais Tokayev akaita majeshi ya Jumuiya ya Mkataba wa Usalama wa Pamoja, inayoongozwa na Urusi, na tarehe 7 akatangaza kwamba amewaamuru askari wapige risasi za kuua bila kutoa onyo. Serikali yenyewe ilitaja waliokufa kuwa 225, idadi iliyofika 238 baadaye. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa kike wa miaka 4, aliyepigwa risasi akiwa ndani ya gari la familia yake mjini Almaty.

Hapo ndipo mrengo wa kushoto ulipogawanyika.

Kundi la kwanza lilikuwa la wanaharakati wa Kazakhstan yenyewe, wakiwemo Harakati ya Kisoshalisti ya nchi hiyo, ambayo haina ruhusa ya kufanya kazi kama chama. Hao walisema huu ni uasi wa wafanyakazi, mtoto wa mgomo wa 2011. Walitaka majeshi ya kigeni yaondoke, vyama vilivyopigwa marufuku vihalalishwe, na viwanda vikubwa na machimbo virudishwe mikononi mwa umma. Chama cha Kikomunisti cha Ugiriki kilisimama upande wao na kulaani kuingizwa kwa majeshi.

Kundi la pili liliuona mkono wa Marekani. Kazakhstan inapakana na Urusi na China, na ni katika mji wake mkuu ambapo mwaka 2013 Xi Jinping alitangaza mpango wa Ukanda wa Njia ya Hariri. Wakauliza: ni nani atakayefurahi nchi hiyo ikivurugika? Wakakumbuka Georgia, Ukraine na Kyrgyzstan, wakahitimisha kwamba haya ni yale mapinduzi yanayopewa majina ya rangi. Xi na Vladimir Putin walisema maneno ya namna hiyo hiyo. Chama cha Kikomunisti cha Urusi kilikiri kwamba ufukara ndio uliowasukuma watu, lakini kikaunga mkono kupelekwa kwa majeshi.

Hatusemi kwamba hofu ya kundi hili haina msingi. Waislamu wa Iraq na Libya wanajua vizuri jinsi dola kubwa zinavyoweza kuvaa joho la uhuru wa watu na kuacha nyuma yao magofu. Lakini shaka siyo ushahidi, na ushahidi wa Kazakhstan haukuelekea huko. Dola ile haikuwa adui wa Magharibi. Kampuni ya Chevron ya Marekani ina asilimia 50 ya mradi wa Tengiz na ExxonMobil ina 25, wakati kampuni ya taifa la Kazakhstan ina 20 tu. Baada ya mauaji ya Zhanaozen, Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, ndiye aliyemshauri Nazarbayev jinsi ya kuyazungumzia mbele ya hadhira ya Ulaya. Mfanyakazi wa Mangystau hakuwa na rafiki Moscow, wala Beijing, wala London, wala Washington. Wote walikuwa marafiki wa mwajiri wake.

Kisha likaja neno ambalo Waislamu tumelizoea: ugaidi. Tokayev alidai kwamba magaidi 20,000 waliishambulia Almaty, wakiwemo waliofundishwa nje ya nchi. Televisheni ikamwonyesha kijana kutoka Kyrgyzstan, uso umejaa majeraha, akikiri kwamba aliahidiwa dola 200 ili aandamane. Watu wa kwao walimtambua mara moja: alikuwa mpiga piano wa muziki wa jazz anayejulikana. Aliachiwa baada ya siku chache. Waendesha mashtaka wenyewe walikuja kukiri kwamba watu sita walikufa kwa mateso mikononi mwa vyombo vya dola. Nao waliouona mkono wa mgeni hawakuwa na neno kwa ajili ya hao sita.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Aliyekamatwa kwa kosa la uhaini katika sakata hili hakuwa jasusi wa kigeni, bali Karim Massimov, mkuu wa usalama wa taifa na swahiba wa Nazarbayev, ambaye mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 18. Kwa hiyo hata walioona uasi wa wafanyakazi peke yake hawakuiona picha yote. Yaliyotokea Mangystau yalikuwa madai ya wananchi, wazi na ya amani. Yaliyotokea Almaty yalichanganya hasira za vijana, uporaji, na ugomvi wa wakubwa waliokuwa wakigombea kiti. Mtu muadilifu huyatenganisha mambo hayo. Hamhukumu wa Zhanaozen kwa moto wa Almaty.

Tarehe 21 Januari, Tokayev mwenyewe aliwaeleza wafanyabiashara kwamba, kwa hesabu za kampuni ya KPMG, watu 162 wanamiliki nusu ya utajiri wa nchi hiyo. Alilitambua tatizo ambalo baadhi ya watetezi wa wafanyakazi walikuwa wamelipita wakitafuta mkono wa mgeni. Mwezi Juni wananchi walipigia kura mabadiliko ya katiba, na mji mkuu ukarudishiwa jina la Astana. Majeshi ya nje yalikuwa yameshaondoka katika mwezi ule ule wa Januari. Visima vya mafuta vimebaki kwa wenyewe wale wale.

Somo lililopo hapa haliwahusu wakomunisti pekee. Kila jamii ina kishawishi cha kumpima anayelia kwa kuangalia kwanza adui yake ni nani. Akionewa na tunayemchukia, tunapaza sauti. Akionewa na tunayemtegemea, tunauliza ametumwa na nani. Huko ni kutumia mizani miwili, na dini yetu imekataza kupunja mizani hata ya nafaka, seuze ya damu. Imetutaka pia tuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua.

Watoto wetu wanaziona habari za namna hii kila siku katika simu zao, nao hutuuliza nani mwema na nani mbaya. Tuwazoeshe kuanza na swali la kwanza: watu hawa wametendewa nini? Wakishalijibu, waendelee na hesabu za mataifa makubwa, kwani nazo zina nafasi yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.