Kisima cha Orvieto: wanaoshuka hawakutani na wanaopanda

Kisima cha San Patrizio kiko Orvieto, mji wa mkoa wa Umbria katikati ya Italia, ukingoni mwa mwamba ambao mji wenyewe umejengwa juu yake. Kimechimbwa kwenda chini takriban mita 53, kama jengo la ghorofa 17 lililozamishwa ardhini, na upana wake ni mita 13. Visima virefu zaidi ya hapo vipo duniani. Hiki kinajulikana kwa ngazi zake mbili zinazozunguka shimo kama parafujo, moja ikipita juu ya nyingine, kila moja ikiwa na mlango wake, wala haziungani mahali popote hadi zifike kwenye maji.

Ili kuelewa kwa nini watu walijitaabisha kiasi hicho, ni lazima kuanza na mwamba. Orvieto imekaa juu ya bonge la tufu, jiwe laini lililotokana na majivu ya volkano, na kingo zake zimesimama wima kama ukuta. Waetruski, watu wa kale wa eneo hilo, waliuchagua mwamba huo kwa usalama wake, wakajenga mji waliouita Velzna, hadi Warumi walipouteka mwaka 264 kabla ya Kristo. Lakini tufu hunywa maji. Mvua ikinyesha huzama ndani ya jiwe, ikashuka mpaka ikutane na tabaka la udongo wa mfinyanzi ulio chini ya mwamba, na udongo huo haupitishi kitu. Hapo maji hutafuta njia ya pembeni na kububujika kama chemchemi miguuni pa mwamba, nje ya mji. Kwa hiyo ukuta uleule unaomzuia adui huwatenga wenyeji na maji yao.

Waetruski walipambana na tatizo hilo kwa kuchimba visima vyembamba vya pembe nne, wakitoboa vishimo kwenye kuta mbili zinazotazamana ili mtu ashuke kwa kupachika miguu huku na huku. Katika Zama za Kati mji ulijengewa mfereji wa kuleta maji kutoka vilima vya jirani. Mfereji ulifaa wakati wa amani. Vita vikija, adui hahitaji kuupanda mwamba. Akiukata mfereji kule nje, mji unabaki na siku za kuhesabu.

Aliyeyatilia maanani hayo alikuwa mkimbizi. Tarehe 6 Mei 1527, askari wa Kaisari Charles V, wengi wao wakiwa na hasira ya kutolipwa mishahara, walivunja kuta za Roma na kuuteka nyara mji. Papa Clement VII, wa ukoo wa Medici wa Florence, alikimbilia ngome ya Castel Sant'Angelo kwa kupitia ujia wa juu ya ukuta unaoiunganisha na Vatikani. Alizingirwa humo, akasalimu amri mwezi Juni, akabaki mfungwa hadi Desemba, alipotoroka usiku akiwa amejibadilisha mavazi na kwenda Orvieto. Hali aliyoishi huko ilikuwa ya unyonge. Machi 1528 walimfikia wajumbe wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, Stephen Gardiner na Edward Foxe, kwa ajili ya shauri la mfalme la kutaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe, nao wakaandika nyumbani juu ya jumba bovu na vyumba vitupu walivyomkuta navyo Papa. Mtu aliyekwisha kuonja kuzingirwa hakuhitaji kuelezwa na mtu kwamba mwamba usio na maji ni mtego.

Kazi ya kuutafutia mji maji Clement alimpa Antonio da Sangallo Kijana, msanifu majengo aliyezaliwa mwaka 1484 katika ukoo wa mafundi wa Florence. Uchimbaji ulianza karibu na ngome iliyojengwa mwaka 1364 kwa amri ya Kardinali Albornoz, na ndiyo maana kwa muda mrefu watu walikiita tu Kisima cha Ngome. Kuyafikia maji kulikuwa kugumu, lakini kwa fundi wa wakati ule halikuwa fumbo. Fumbo lilikuwa namna ya kuyapandisha. Kamba na ndoo hutosha nyumba chache. Mji mzima uliozingirwa, wenye askari, wakimbizi na mifugo, unahitaji maji yanayopanda mfululizo mchana kutwa, na mzigo wa namna hiyo enzi zile ulibebwa na nyumbu. Neno hili linaweza kumpeleka msomaji Serengeti, lakini nyumbu anayesemwa hapa ni yule mzao wa punda na farasi, mnyama mvumilivu asiyeteleza kirahisi.

Sasa mtu ajaribu kuwaza kisima chenye ngazi moja. Nyumbu anashuka na vyombo vitupu, mwingine anapanda na maji mgongoni, wanakutana katikati, gizani, kwenye njia isiyotosha wawili. Mmoja arudi nyuma, au wote wakwame, na walio nyuma yao wakwame pia. Sangallo aliliondoa tatizo hilo kabla halijatokea. Alizungusha ngazi mbili kulifuata shimo, akaipa kila moja mlango wake upande unaokabiliana na wa mwenzake, akaweka daraja dogo pale chini juu ya maji. Nyumbu aliingia kwa mlango mmoja, akashuka vidato 248, akafika darajani, akajaziwa vyombo, akavuka, akapanda kwa vidato 248 vya ngazi ya pili na kutokea mlango wa upande mwingine. Msafara ulikwenda kama mnyororo, bila mtu kumpisha mtu. Vidato vyenyewe ni vipana na vina mteremko kidogo, vimepimwa kwa hatua ya mnyama kuliko ya binadamu.

Mwanga nao ulifikiriwa. Shimo la katikati liko wazi juu, na ukuta unaolitenga na ngazi umetobolewa madirisha 70 makubwa yenye vichwa vya upinde. Jua huingia kwa juu, likagonga kuta na kupenya madirishani. Karibu na mdomo ni mchana mweupe. Kadiri mtu anavyoshuka mwanga unafifia na kuwa wa kijani, na chini kabisa ni utusitusi unaotosha kuona pa kukanyaga. Hii ni kazi ya mtu aliyemfikiria mchota maji kwa dhati, na hapo ndipo ukuu wake ulipo kuliko hata katika hesabu za ngazi.

Ujenzi ulifuata tabia ya ardhi. Sehemu ya juu ilichongwa ndani ya tufu lenyewe, ambalo hukatika vizuri na kusimama bila msaada. Walipoufikia udongo wa mfinyanzi hali ilibadilika, maana udongo hautegemewi, ikabidi sehemu ya chini ijengwe kwa matofali. Kazi ilichukua takriban miaka kumi. Clement hakuuona mwisho wake: aliondoka Orvieto kwenda Viterbo katikati ya mwaka 1528, akarudi Roma Oktoba mwaka huohuo, akafariki Septemba 1534. Kisima kilikamilika mwaka 1537 chini ya Papa Paul III, wa ukoo wa Farnese, ambaye alama yake ya maua ya yungiyungi imechongwa kwenye jengo fupi la mviringo linalouzunguka mdomo wa kisima. Kumbukumbu ya Clement imebaki kwenye medali iliyotengenezwa na Benvenuto Cellini, mfua dhahabu aliyekuwa mpiga mizinga ndani ya Castel Sant'Angelo wakati wa kuzingirwa kule. Inamwonyesha Musa akiupiga mwamba ili watu wapate kunywa.

Sangallo mwenyewe alikuwa pia msanifu mkuu wa Basilika la Mtakatifu Petro, akaunda mfano mkubwa wa mbao wa kanisa alilolikusudia. Alipofariki mwaka 1546, Michelangelo alichukua nafasi yake na kuuweka kando mpango huo. Kisima, kazi ambayo wengi wangeiona ndogo, kimebaki kama alivyokibuni.

Jina la San Patrizio, yaani Mtakatifu Patrick, lilikuja baadaye sana. Linatokana na pango la kisiwani katika ziwa la Lough Derg huko Ayalandi, ambako mapokeo yanasema Patrick alionyeshwa shimo la kuingilia toharani. Pango hilo lilisemwa halina mwisho, na kina cha kisima cha Orvieto kikawakumbusha watu habari hiyo. Leo Mwitalia akisema kitu fulani ni kisima cha San Patrizio, anamaanisha hazina isiyokauka, au mfuko unaomeza fedha usijae.

Wazo la kumshusha mnyama ndani ya kisima halikuanzia Italia. Katika ngome ya Kairo kuna Kisima cha Yusuf, kilichochimbwa karne ya 12 enzi za Salahuddin, ambaye Yusuf lilikuwa jina lake mwenyewe. Kina chake kinakaribia mita 90, na njia ya mteremko inalizunguka shimo hadi nusu ya safari, ambako ng'ombe walizungusha gurudumu la kuinulia maji. Huko maji yalipandishwa kwa gurudumu. Orvieto, mnyama aliyafuata mpaka chini na kurudi nayo.

Mgeni wa leo hufika kwa treni, zaidi kidogo ya saa moja kutoka Roma. Stesheni iko bondeni, na kutoka hapo kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba ya chuma humpandisha hadi uwanja wa Piazza Cahen. Kilipoanza mwaka 1888 kiliendeshwa kwa uzito wa maji. Siku hizi ni umeme. Mlango wa kisima uko hatua chache kutoka hapo. Tiketi hukatwa, na mtu hufuata mpango uleule wa nyumbu: kushuka kwa ngazi moja, kuvuka daraja, kupanda kwa nyingine. Chini ni baridi na unyevunyevu hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo sweta inafaa, na hakuna lifti kwa mwenye magoti mabovu. Ndani ya maji huonekana sarafu zilizotupwa na wageni. Wakati wa kupanda, ukichungulia dirishani utawaona ng'ambo ya shimo watu wakishuka na utasikia mazungumzo yao, ingawa hakuna kidato hata kimoja mtakachokanyaga pamoja. Kisha jua linarudi ukutani, na mtu anatokea juu kwa mlango wa pili, akiutazama ule alioingilia ukiwa upande wa pili wa jengo.