Kanga Mbele ya Mahakama

Katika majumba yetu ya pwani hakuna vazi lililopewa amana kubwa kuliko kanga. Ndiyo inayompokea mtoto siku ya kuzaliwa, ndiyo mwanamke anayojifunga kifuani atokapo kuoga au aingiapo kulala, na mgeni apigapo hodi ghafula, mwenye nyumba hujitanda upande wa pili mabegani, akatoka kumlaki hali amekwisha sitirika.

Kwa sababu hiyo msomaji wetu hana budi kustaajabu akielezwa kwamba mwaka 2006, katika Mahakama Kuu ya Johannesburg, kanga ilitajwa kuwa dalili ya ridhaa. Mwanamke aliyepewa jina la Khwezi ili asitirike alimshitaki Jacob Zuma, mwanasiasa wa Afrika Kusini na rafiki wa marehemu baba yake tangu siku za kupigania uhuru, kwamba alimbaka usiku mmoja wa Novemba 2005 alipokuwa mgeni nyumbani kwake, mtaa wa Forest Town. Zuma alikana, akasema waliridhiana, na tarehe 8 Mei 2006 Jaji Willem van der Merwe akamwachilia huru. Sikusudii kuifungua upya hukumu ile. Kinachonichoma moyo ni kwamba sketi aliyoivaa mwanamke yule, namna alivyoketi, na kanga aliyojifunga pasipo nguo ya ndani, jambo ambalo mama yeyote wa Unguja au Lamu analijua kuwa ni desturi ya usingizi, yote yalisimamishwa kutoa ushahidi dhidi yake, ilhali nje ya mahakama umati ulikuwa ukimtukana na kuichoma picha yake.

Haikupita miaka miwili, Februari 2008, katika kituo cha teksi cha Noord cha mji ule ule, ambako mabasi madogo kama daladala zetu huitwa teksi, msichana aliyevaa sketi fupi alizingirwa na wanaume mchana kweupe, akavuliwa nguo na kudhalilishwa. Wanawake wakaandamana hadi kituoni hapo, wengi wao wamevaa sketi fupi kwa makusudi. Huyu alilaumiwa kwa ufupi wa nguo hadharani, yule kwa kanga iliyomfunika chumbani: basi ni urefu gani wa kitambaa ungaliwakinga? Nasi tusijitakase, kwa kuwa Dar es Salaam, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga vita sketi fupi, wasichana walishambuliwa Kariakoo kwa hoja ya kulinda utamaduni.

Baada ya kesi Khwezi alihamia Uholanzi, kisha Tanzania, nchi ambako kanga haihitaji kutetewa. Tarehe 6 Agosti 2016, Zuma, wakati huo akiwa Rais wa Afrika Kusini, alipokuwa akihutubia mjini Pretoria baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wasichana wanne walisimama kimya mbele ya jukwaa, wamempa kisogo, kila mmoja ameinua karatasi. Katika mojawapo lilikuwamo neno moja tu, Khanga. Khwezi alikuwa bado hai siku hiyo. Alifariki Oktoba ya mwaka ule ule.