Usaili huanza kabla hujafungua mdomo

Siku za karibuni alikuja kwangu kijana mmoja wa hapa Murusagamba. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi Bukoba, naye alitaka dawa ya "kutuliza moyo". Safari iliyopita, alipoambiwa ajitambulishe mbele ya jopo, alitetemeka na ulimi ukamkauka mpaka mwenyekiti akamwonea huruma. Mfukoni alikuwa na vidonge viwili vya diazepam alivyouziwa dukani, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi, bila jina wala maelezo.

Nilimwomba anipe vile vidonge. Diazepam huleta usingizi na huchafua kumbukumbu, na mtu anayekwenda kuulizwa maswali kitu anachokihitaji kuliko vyote ni kumbukumbu. Wapo pia wanaonunua propranolol, ile dawa ya shinikizo la damu, kwa sababu wamesikia kwamba inazuia mikono kutetemeka. Ni kweli huipunguza kasi ya moyo, lakini mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya akaishia wodini badala ya ukumbini. Dawa hizi ziandikwe na tabibu aliyekupima, si na rafiki aliyefaulu usaili mwaka jana.

Hofu ile si ugonjwa. Mwili ukihisi jambo zito unamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, mate yanakauka, na wengine hukimbilia chooni kila baada ya dakika kumi. Kinachosaidia ni pumzi. Keti, vuta hewa puani taratibu, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, kwa dakika tano. Moyo utashuka. Pia jizoeze kujieleza kwa sauti mbele ya mtu, hata mama mdogo au kaka yako, siku tatu kabla. Kijana yule nilimsimamisha palepale nikamwambia ajitambulishe kwangu. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya nne alicheka mwenyewe.

Tusidanganyane, hofu hii ina sababu. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji zaidi ya 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70 tu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita laki moja. Katika umati kama huo mchujo wa kwanza huwa ni mtihani wa maandishi, na hapo hakuna anayeangalia viatu vyako. Lakini unaweza kusimama juani saa nyingi kabla ya kuitwa. Mwenye njaa na kiu huishiwa nguvu, sukari ikashuka, kichwa kikauma, akasoma swali mara tatu bila kulielewa. Kula chakula cha kushiba wastani, uji na ndizi vinatosha, na ubebe chupa ya maji. Chai kali au kahawa kwa mtu asiyeizoea humzidishia mtetemeko.

Sisi wa Ngara tuna adui mwingine: safari. Nami nakumbuka usaili wangu wa kwanza, katika ofisi ambayo sitaitaja. Nilipanda gari alfajiri, nikakaa juu ya mzigo, nikashuka nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi soksi. Nilikohoa mbele ya jopo mpaka mmoja wao akasogeza kiti chake nyuma. Sikulaumu mtu. Ningejua, ningefika siku moja kabla, nikalala kwa ndugu, nikaoga, na nguo ya usaili ningeibeba kwenye mfuko. Usingizi wa usiku mmoja una faida kuliko kukesha unakariri.

Sasa tuje kwenye harufu, jambo ambalo watu wanaona haya kulisema na kwa hiyo wengi hawaambiwi. Jasho lenyewe halinuki. Vijidudu vya kwenye ngozi ndivyo vinavyolichachusha, hasa kwapani penye nywele. Sisi tumefundishwa tangu madrasa kuondoa nywele za kwapa na kukata kucha bila kupitisha siku 40, lakini wangapi tunalikumbuka hilo nje ya Ijumaa? Oga kwa sabuni, jikaushe vizuri, kisha paka dawa ya kuzuia jasho usiku kabla ya kulala, maana hufanya kazi vizuri kwenye ngozi kavu iliyotulia. Shabu iliyoloweshwa maji nayo husaidia na bei yake ni ndogo. Ndimu usipake, hasa ukiwa umetoka kunyoa, inaunguza ngozi. Na kumwagia manukato juu ya shati lenye jasho la jana ni kuwapa wasaili harufu mbili badala ya moja. Koti la mtumba lifuliwe, lianikwe, ndipo livaliwe.

Kinywa nacho kinasema kabla yako. Harufu nyingi hutoka nyuma ya ulimi, mahali ambapo mswaki wa haraka haufiki, basi usugue na huko. Mswaki wa mti unafaa pia ukiutumia kwa makini. Kitunguu saumu kiache tangu siku ya kuamkia usaili: harufu yake huingia kwenye damu ikatokea mapafuni, hivyo kupiga mswaki hakuimalizi. Tumekatazwa kuusogelea msikiti baada ya kukila kibichi. Na wale watu watano wa kwenye jopo nao wana pua. Ukiwa na jino bovu au fizi zinazotoa damu, pipi ya mnanaa itakuficha nusu saa tu. Nenda kwa tabibu wa meno.

Dada zangu, mtandio na kofia ya ndani huhifadhi jasho, viwe safi na vikavu siku hiyo. Kama hupeani mkono na wanaume, usingoje mkono wa msaili ufike katikati. Weka kiganja kifuani mapema, tabasamu, salimia kwa sauti inayosikika.

Na jambo linaloniuma: wasichana, na siku hizi wavulana, wanaojichubua uso wiki mbili kabla ya usaili ili "wang'ae". Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo. Nimeona uso uliobabuka siku tatu kabla ya tarehe ya usaili, na hapo hata poda haisaidii.

Mwisho, kuna maswali ya afya ambayo hayafai kukunyima kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, ulemavu, UKIMWI au dini yake, na ulinzi huo unamhusu pia anayeomba kazi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inakataza kumlazimisha mtu kupima. Ukiulizwa, jibu kwa adabu kwamba uko tayari kuifanya kazi uliyoiomba, kisha uendelee na lililobaki.

Na sisi tunaoishi mpakani, tusisahau kitambulisho cha NIDA. Kijana wangu alikuwa amesahau chake. Ilibidi arudi nyumbani kukichukua usiku uleule. Alikwenda bila vidonge. Majibu hayajatoka, ila amenipigia simu kunieleza kwamba alilitaja jina lake mara moja tu, na wakalisikia.