Hapana, Halijafutwa

"Wakili, lile sharti la kutoshindana si walishalifuta?" Jamaa zetu walioko Marekani hawachoki kuniuliza hivi, na wengi huniuliza wakiwa wameshatia saini. Hapana, hawakulifuta.

Tarehe 23 Aprili 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilipitisha kanuni ya kuwazuia waajiri karibu wote kuwafunga wafanyakazi kwa sharti hilo, linalomzuia anayeondoka kwenda kwa mshindani au kufungua biashara kama ile. Ilikuwa ianze kazi tarehe 4 Septemba. Wiki mbili kabla, tarehe 20 Agosti, Jaji Ada Brown wa mahakama ya shirikisho huko Dallas aliitengua kwa nchi nzima: tume haikuwa na mamlaka ya kuitunga. Septemba 2025 tume yenyewe ikaachana na rufaa. Kanuni hiyo haikutumika hata siku moja, lakini habari za Aprili ile bado zinazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba ni za jana.

Ukimwondolea mtu hilo, anakuletea jingine: "Hakuna jaji atakayenikatia riziki." Jaji wa wapi? California, sawa, huko sharti hili ni batili tangu karne ya 19. North Dakota na Oklahoma nako ni marufuku. Minnesota ni marufuku pia, ila kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia 1 Julai 2023. Uliyesaini Juni ile, marufuku haikuhusu. Sasa vuka uende Florida: sheria ya huko inamkataza jaji kabisa kuzingatia dhiki itakayokupata wewe. Na Texas? Msusi wa Houston aliyeandikiwa asisuke ndani ya maili 30 kwa miaka miwili huniambia, "Imezidi mno, haisimami." Ikiwa mkataba una msingi wa kisheria, mahakama ya Texas haiutupi kwa sababu umezidi. Hupunguza maili na miaka mpaka viwe vya haki, kisha inakufunga kwa vilivyobaki.

Tena kesi nyingi hazimfikii jaji. Barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa mwajiri wako wa zamani inakwenda kwa bosi wako mpya, naye, asiyetaka mashaka, anaifuta ofa yako.

Kwa hiyo angalia jimbo, tarehe ya saini na mshahara. Illinois, sharti halimfungi anayepata dola 75,000 au chini kwa mwaka, na mwajiri lazima akupe siku 14 za kuusoma mkataba. Massachusetts mwisho ni miezi 12 kwa kawaida, na ukiachishwa kazi bila kosa halikufungi. Kabla ya kusaini, omba lifutwe au lipunguzwe, wengine hukubali. Dai nakala yako. Ukiondoka, usibebe orodha ya wateja: hata California, siri za biashara zina sheria yake.