Tukodipo Basi la Ziara, Tuulize na Mlango wa Dharura

Msimu wa tamasha za muziki na drama ukikaribia, ofisi za walimu wakuu hugeuka kuwa soko la mabasi. Simu hulia, mawakala huja na bei zao, nasi walimu tunaosindikiza wanafunzi huuliza maswali yale yale ya siku zote. Basi linabeba watu wangapi? Mafuta ni juu ya nani? Dereva atalala wapi? Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, na ninakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kuuliza swali moja tu: basi likishika moto au likilala ubavu, watoto hawa watatokea wapi?

Nilifunzwa kuuliza na safari moja ya jioni. Tulikuwa tunarejea kutoka tamashani, kikombe mkononi na nyimbo midomoni, basi likiteremka mlima mrefu. Mara ilipanda harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi ukaanza kupenya sakafuni karibu na gurudumu la nyuma. Dereva alisimamisha gari. Msichana mmoja akapiga ukelele wa moto, na wanafunzi zaidi ya hamsini wakaukimbilia mlango mmoja wa mbele.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, kama ilivyo desturi ya mwalimu anayetaka kuwaona watundu wote kwa jicho moja. Mgongoni pangu palikuwa na mlango wa dharura wenye maandishi mekundu. Baina yangu na mlango huo palikuwa na ngoma tatu, masanduku ya maleba, gunia la makaa alilolinunua utingo njiani, na kreti ya soda. Nilipofanikiwa kuufikia mkono wa mlango niliuvuta kwa nguvu zangu zote, nao haukutikisika. Baadaye utingo alinieleza, bila ya haya yoyote, kwamba mlango ule ulifungwa kwa waya upande wa nje ili wezi wasiufungue basi linapolala kituoni. Dereva naye alichomoa mtungi wa kuzimia moto chini ya kiti chake, akavuta pini, akabonyeza. Mtungi ulitoa pumzi kama mgonjwa, basi.

Mungu alikuwa upande wetu. Zilikuwa breki zilizoshika, wala si moto. Mtoto mmoja aliteguka kifundo cha mkono kwa kusukumwa. Lakini nilitazama saa yangu: tangu ukelele ule hadi mwanafunzi wa mwisho akanyage lami zilipita dakika nne na ushei. Nilisimama kando ya barabara nikawahesabu. Niliwahesabu mara tatu, na kila nilipomaliza nilikumbuka barua niliyoitia sahihi wiki moja kabla, nikiwaahidi wazazi kwamba watoto wao watarejea salama.

Tangu siku hiyo nimekuwa msomaji wa ajali. Iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ile ya Carrollton, katika jimbo la Kentucky, Marekani, tarehe 14 Mei, 1988. Basi lililokuwa la shule hapo awali, kisha likawa mali ya kanisa, lilikuwa likiwarudisha vijana nyumbani kutoka matembezini usiku. Mlevi aliyeendesha gari kwa upande usiokuwa wake aliligonga kwa mbele. Ndani walikuwamo watu 67. Walifariki 27, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuawa na mgongano wenyewe. Waliuawa na moto na moshi. Tangi la petroli lilitoboka karibu na mlango wa mbele, moto ukauziba mlango huo, na umati wote ukaelekea mlango mmoja wa nyuma kupitia njia nyembamba baina ya viti. Humo njiani, karibu na mlango, palikuwa na sanduku la barafu la kuhifadhia vinywaji. Niliposoma habari ya sanduku lile niliiona tena kreti yangu ya soda.

Liko jambo jingine katika kisa hicho ambalo walimu tungefaa kulisoma polepole. Fremu ya basi lile iliundwa Machi 1977, siku chache tu kabla ya kuanza kutumika kwa kanuni iliyodai matangi ya mafuta ya mabasi ya shule yawekewe kinga imara. Kwa hivyo kisheria basi lile halikuwa na kosa. Baada ya msiba, jimbo la Kentucky liliamuru mabasi yake ya shule yawe na njia tisa za kutokea.

Hapa kwetu sheria hazijakosekana. Kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2016 yakaleta rangi ya manjano kwa magari ya shule. Lakini manjano haifungui mlango. Tarehe 4 Desemba, 2021, basi la seminari lililokuwa limebeba waimbaji wa kwaya kwenda harusini lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi, wakafa watu zaidi ya 30. Sisemi kwamba milango ingewaokoa wote. Maji yale yalikuwa mengi na kosa kubwa lilikuwa kuyaingia. Ninachosema ni kwamba tunapokodi basi tunayakodi pia matundu yake ya kutokea, nayo huwa hatuyatazami.

Wenzangu hunijibu kwamba ukaguzi ni kazi ya serikali. Ni kweli, lakini mkaguzi hukagua basi tupu. Anayelijaza ni mimi na wewe. Mkaguzi hakuweka ngoma mbele ya mlango wa dharura. Tuliziweka sisi, kwa sababu viti vilikuwa vimejaa na hatukutaka kulipia gari la pili la mizigo. Wengine hunyamazisha mjadala kwa methali kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo naiheshimu, ila sijamwona mwenye basi akiitumia kukataa kulipa bima.

Nawageukia wanafunzi, kwa kuwa nyinyi ndio mtakaokuwa ndani. Mlango wa abiria katika mabasi yetu uko kushoto. Basi likiangukia ubavu wa kushoto, mlango huo utakuwa chini yenu, umegusa ardhi, na njia zitakazobaki ni mlango wa dharura, madirisha ya kulia na tundu la paa kama lipo. Kioo cha dirisha cha aina ile inayovunjika vipande vidogo vidogo usikipige katikati, mahali kinapostahimili zaidi. Kipige pembeni, karibu na kona, kwa ncha ya nyundo. Kioo cha mbele kina utando ndani yake, hakitapukutika vivyo hivyo. Na ukiwa umening'inia kwenye mkanda, shika kitu kwanza ndipo uufungue.

Mwaka mmoja nililikataa basi. Liliingia uwanjani alfajiri likiwa na kiti kilichofungwa kwa parafujo mbele ya mlango wa dharura, ili abiria wawili waongezeke. Mwenye basi alisema hana jingine hadi mchana. Tulichelewa, zamu yetu jukwaani ikapita, na wasichana waliofanya mazoezi tangu Januari walilia machozi ambayo bado nayaona. Mwalimu mkuu hakusema nami kwa wiki nzima. Mzazi mmoja alinipigia simu kuniuliza kama nilitaka kuonekana shujaa. Sikuwa na jibu zuri, maana basi lile lile lilibeba shule nyingine siku hiyo na likafika salama salimini.

Hata hivyo sijaiacha desturi yangu. Basi lililokodiwa hufika jioni ya kuamkia safari, siyo alfajiri, ili likiwa na kasoro tupate muda wa kutafuta jingine. Natazama kama mshale wa mtungi uko kwenye kijani. Nazihesabu nyundo. Kisha namwita mwanafunzi mdogo kuliko wote katika msafara, namwambia aufungue mlango wa dharura kwa mikono yake mwenyewe bila kusaidiwa, huku dereva akinung'unika kwamba mwalimu anampotezea wakati. Msimu uliopita alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, mwenye kimo cha kunifikia kiwikoni. Alivuta mara ya kwanza, mlango ukagoma. Dereva alitafuta mafuta, akapaka bawaba, akamwambia, "Jaribu tena, binti yangu." Mara ya pili ulifunguka.