Ncha za Kahawia: Mimea ya Hotelini kati ya Masisi na Walikale

Ukiingia katika hoteli au nyumba ya wageni ya Kivu Kaskazini, jani la kwanza utakaloliona mapokezi huenda ni la plastiki, limejaa vumbi la barabarani. Mwenye hoteli ana sababu yake: mimea hai ilimfia. Aliipanga pembeni mwa kaunta, akaimwagilia kila asubuhi, na haukupita muda ikawa ya manjano. Kwa maoni yangu kosa halikuwa la mmea wala la mikono yake. Aliununua kabla hajatazama mwanga wa chumba na kabla hajajua maji yake yanatoka wapi. Na baina ya Masisi na Walikale, wilaya mbili zinazopakana, mambo hayo mawili hugeuka kabisa.

Tuanze na Walikale. Sehemu kubwa ya eneo hili ni msitu wa bonde la Kongo, na mji wenyewe uko chini ya mita 1,000. Chini ya miti mirefu ya msitu wa namna hiyo, mwanga unaofika ardhini ni kama asilimia 1 au 2 tu ya ule unaoangukia matawi ya juu. Mimea inayoishi huko imezoea giza, joto na unyevu. Ndiyo maana mimea mingi ya ndani inayouzwa duniani asili yake ni vivulini mwa misitu ya tropiki. Dracaena fragrans, ambayo Wachaga wa Kilimanjaro huipanda mipakani na kuiita isale, huota yenyewe katika nchi nyingi za Afrika ya tropiki. Zamioculcas, yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ni ya kwetu pia: huota mwituni kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Bustani za Uholanzi zilianza kuizalisha kwa wingi mnamo 1996, na leo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuuziwa kwa bei ya juu mmea uliozaliwa kwao.

Kwa hiyo ukumbi wa hoteli ya Walikale, wenye baraza pana na paa lililoshuka, ni kivuli cha msitu kilichojengwa kwa matofali. Hapo dracaena na jamii ya yale majani mapana ya kufungia chikwangue, mkate wa muhogo, huweza kustawi bila anasa yoyote. Lakini hata kivuli kina kipimo. Saa sita mchana, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka chungu, kisha nyoosha mkono juu yake, umbali wa kama sentimita 30. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa na ukungu lakini bado kinaonekana, mimea ya vivulini itaishi. Kisipoonekana kabisa, usiweke mmea: weka jiwe zuri au kikapu cha henzirani, kwa sababu hakuna mbolea inayochukua nafasi ya jua.

Masisi ni habari nyingine. Vilima vyake vingi vimepita mita 1,500, na malisho ya juu, yale yanayotupa jibini ya Masisi inayouzwa Goma, hupita 2,000. Usiku kuna baridi ya kufunga madirisha. Mmea wa msitu wa chini, ukilala karibu na kioo chenye baridi, hudumaa hata ukitunzwa vipi. Huku kangaga za milimani na begonia zina nafasi nzuri zaidi.

Kuna tatizo lingine Masisi ambalo wauza mimea hawalitaji. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi mara kwa mara, si siku za mlipuko tu, na upepo mara nyingi huzisukuma magharibi, yaani kuelekea Sake na vilima vya Masisi. Mvua ikipita katika gesi hizo huteremka na asidi na floridi. Watu wanaotegemea maji ya mvua kuzunguka volkano hizi wanaifahamu floridi kwa meno: hutia madoa ya kahawia kwa watoto wanaoinywa kwa miaka. Mmea nao huinywa. Mizizi huivuta pamoja na maji, maji hupanda hadi kwenye majani na kuvukia hewani, floridi hubaki. Hujikusanya mwisho wa safari, kwenye ncha na kingo za jani, hadi sehemu hiyo inakufa. Dracaena na klorofitumu, ile yenye majani membamba ya mistari, ni miongoni mwa mimea inayoathirika haraka zaidi.

Mhudumu akiziona ncha za kahawia husema mmea una kiu, anaongeza maji ya tangi. Anaongeza sumu ileile. Ukiwa upande huo wa volkano, tumia maji ya chemchemi ya vilima vilivyo mbali na miamba ya lava, kama unaweza kuyapata. Changanya chokaa kidogo kwenye udongo, kwani udongo usio na asidi huishika floridi isiingie mizizini. Epuka mbolea ya superfosfeti, maana mara nyingi nayo ina floridi. Ncha zilizokwisha kufa hazitapona. Zikate kwa mkasi na utazame majani mapya.

Kuna desturi ya kumwaga kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Haisaidii. Maji hukwama juu ya kokoto, palepale mizizi ilipo. Lava iliyopondwa, ambayo imejaa kwenye barabara ya Goma na Sake, ioshwe na kuchanganywa na udongo wote, kisha chungu kitobolewe. Sahani ya chini imwagwe kila siku, la sivyo utakuwa unafuga mbu ndani ya hoteli.

Wapo wanaouza mimea kwa ahadi kwamba inasafisha hewa. Ahadi hiyo ilitokana na utafiti wa NASA wa 1989, uliofanywa ndani ya masanduku yaliyozibwa. Mapitio ya 2019 yalionyesha kwamba ili mimea ifanye kazi ya kubadilisha hewa ndani ya jengo la kawaida, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Fungua dirisha.

Dirisha hilo lina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mnamo 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala wakitazama miti walitoka mapema na kuomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Sasa fikiria nyumba ya wageni iliyo juu ya mlima wa Masisi, malisho yanateremka mbele yake, na kidirisha cha chumba kimewekwa juu kabisa, kinatazama ua wa jenereta! Kabla ya kununua chungu hata kimoja, ningemshauri mwenye nyumba hiyo ahamishe kitanda, au avunje ukuta.

Vifaa vya ujenzi vipo karibu. Mikeno Lodge ya Rumangabo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, ilijengwa kwa mawe ya volkano na mbao. Ng'ambo ya mpaka, hoteli ya Bisate ya Rwanda, iliyofunguliwa 2017, ilichukua umbo la jumba la mfalme la Nyanza na kupanda upya miti ya asili kuizunguka. Walikale ina henzirani ya viti na vikapu, ambayo ikaushwe vizuri kabla haijafumwa, la sivyo wadudu wanaotoboa huimaliza. Orkidi za msituni ziachwe zilipo: biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na hifadhi za Maiko na Kahuzi-Biega, ambazo zote zinaingia Walikale, haziruhusu mtu kuchimba mmea.

Najua wageni wa hoteli hizi leo ni wachuuzi, wanunuzi wa madini na wafanyakazi wa misaada zaidi kuliko watalii. Mji wa Walikale uliingiwa na waasi wa M23 Machi 2025, kisha wakaondoka mwezi uliofuata. Katika hali hiyo simshauri mtu aagize samani za gharama. Kipande cha dracaena chenye urefu wa shubiri, kilichokatwa kwenye ua wa jirani kwa idhini yake, kikiwekwa katika udongo wenye unyevu hutoa mizizi ndani ya wiki chache. Kazi ya kukimwagilia apewe mtu mmoja, kwa jina, naye kwanza achomeke kidole udongoni: kukiwa na unyevu, apite.