Neno "dwelling": Maana, Asili na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Anayetafuta Kiswahili cha neno la Kiingereza "dwelling" kwa kawaida hupewa visawe vinne kwa mfululizo: nyumba, makazi, makao, maskani. Orodha hiyo si kosa, lakini haimwelezi mfasiri achague kipi na kwa nini. Makala haya yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya neno lenyewe, kwani "dwelling" halikuanza kama jina la jengo. Chimbuko lake ni kitenzi kilichohusu kuzuiwa na kukawia.

Asili ya neno

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi "dwellan", chenye maana ya kupotosha, kutia kosani au kuzuia. Waskandinavia waliolowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9 walikuwa na kitenzi cha nasaba moja, "dvelja", kilichomaanisha kuchelewesha au kukawia. Kwa athari ya kitenzi hicho, maana ya upotoshaji ilififia na ile ya kukawia ikashika nafasi. Hatua iliyofuata inaeleweka kwa urahisi: anayekawia mahali hubaki hapo, na anayebaki muda mrefu huwa mkazi. Maana ya kuishi mahali ilijitokeza katika karne ya 13, na katika karne ya 14 nomino "dwelling" ilikuwa ikitumika kutaja mahali pa kuishi.

Maana kongwe haijafa. Kirai "dwell on" humaanisha kulizungumzia au kulifikiria jambo kwa kirefu. Katika shughuli za bandari, "dwell time" ni muda ambao kontena hukaa bandarini kabla ya kuondolewa. Mfasiri anayeijua maana moja tu ya kitenzi hiki anaweza kuandika "muda wa makazi ya makontena", tafsiri ambayo haitaeleweka na msomaji yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa. Kiswahili sahihi ni "muda wa kontena kukaa bandarini".

Kiswahili na kitenzi "kaa"

Kiswahili kilipita njia iyo hiyo bila kuigana na Kiingereza. Swali "Unakaa wapi?" huulizia makazi, ilhali "Mbona umekaa sana sokoni?" hulalamikia kuchelewa. Kitenzi kimoja hubeba kuketi, kukawia na kuishi, na ndicho kilichozaa nomino makao, makazi na mkazi.

Neno maskani nalo lina historia inayofanana. Linatokana na Kiarabu, katika mzizi wa konsonanti s-k-n, wenye maana ya kutulia na kuishi mahali. Waliosoma chuoni wanaujua mzizi huu katika neno sukuni, alama inayoonyesha kwamba herufi imetulia, haina irabu. Kiebrania kina neno la mzizi huohuo, "mishkan", linalotaja hema la ibada katika kitabu cha Kutoka. Biblia ya Kiswahili ya Union Version hulifasiri kwa neno maskani. Hema hilo lilikuwa likihamishwa, lakini halikukosa kuitwa maskani.

Athari kwa mfasiri

Tofauti kati ya jengo na ukaaji huwa nzito zaidi katika sheria. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya, zilizotungwa kwa Kiingereza, hutaja kosa la kuvunja na kuingia katika jengo, hema au chombo cha majini kinachotumiwa kama "human dwelling". Mfasiri akiandika "nyumba ya binadamu", anafungua mlango wa hoja kwamba hema si nyumba, na anayelala katika hema au chombo anaweza kupoteza ulinzi ambao sheria ilikusudia kumpa. "Makazi ya binadamu" hufunika yote matatu. Kwa upande mwingine, istilahi "dwelling-house" katika sheria hizohizo huanzia kwenye jengo, hata likiwa halina mtu kwa muda. Hapo "nyumba ya kuishi" inafaa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, uchaguzi huu umekuwa kazi halisi ya wafasiri wa sheria.

Mfano mwingine ni neno "mansion". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "manere", kubaki. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ililitumia katika Yohana 14:2 kwa maana ya mahali pa kukaa. Leo neno hilo humaanisha jumba la fahari. Union Version ya Kiswahili imetumia makao, neno lililo karibu zaidi na Kigiriki cha awali, ambacho nacho hutumia nomino itokanayo na kitenzi cha kubaki.

Uteuzi wa kisawe

Nyumba: pale jengo lenyewe linapokusudiwa.

Makazi: pale ukaaji wa watu unapokusudiwa, bila kujali aina ya kibanda au jengo, pia katika takwimu na mipango miji, kama ilivyo katika Sensa ya Watu na Makazi.

Makao: mahali pa kukaa panapohusishwa na mtu, kundi au taasisi, kama makao ya wazee au makao makuu.

Maskani: katika lugha ya fasihi na dini. Mfasiri akumbuke kwamba Zanzibar na katika baadhi ya miji ya Kenya neno hili hutaja pia kijiwe cha mazungumzo. Katika fomu ya serikali, makazi ni salama zaidi.

Matini inapotumia "dwelling", swali la kwanza ni hili: inataja kuta, au inataja mtu kukaa? Likijibiwa, visawe vinne hubaki viwili au kimoja.